Kwangu na Kwetu: Utulivu wa Desemba katika Miji ya Thika na Ruiru

Katika nchi ya Ugiriki, mkazi wa Athens anayetaka kupumzika kwa utulivu mwishoni mwa mwaka huweza kukipata kimya hicho kijijini. Wageni wa majira ya joto huwa wamekwisha kuondoka, vijana wengi walihamia mijini zamani, na aghalabu wanaobaki huko katika miezi ya baridi ni wazee wachache na moshi wa kuni. Katika miji ya Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu, hali huwa kinyume kabisa. Desemba ndio mwezi ambao kijiji hufurika watu na kelele, na mji ndio unaonyamaza. Makala haya yanaeleza sababu za kinyume hicho, na jinsi lugha ya Kiswahili inavyokidhihirisha.

Ni vyema kwanza kuondoa utata wa majira. Wafasiri wengi hulitumia neno "kipupwe" kwa majira ya theluji ya Ulaya, ilhali kwa asili neno hilo linataja baridi ya pwani ya Afrika Mashariki kati ya Juni na Agosti. Baridi ya Thika na Ruiru nayo huja wakati uo huo, hasa Julai, ambapo ukungu hutanda hadi karibu na adhuhuri. Desemba ni mwisho wa mvua za vuli. Wenyeji Wakikuyu huziita mvua za mwere, yaani za mawele. Jua hurejea na majani huwa bado mabichi. Kwa hiyo pamba inayobandikwa madirishani mwa maduka ili ifanane na theluji ni mapambo ya kuigwa tu, wala hakuna mteja anayeyashangaa.

Msimu wa mapumziko huanza hasa Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, na kuendelea hadi siku chache baada ya Mwaka Mpya. Ili kuelewa kinachotokea katika kipindi hiki, hapana budi kutazama wakazi wenyewe. Sensa ya mwaka 2009 iliuhesabia mji wa Ruiru watu 238,858. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120. Mji uliozidi maradufu katika miaka kumi hauwezi kuwa umejazwa na watoto waliozaliwa humo peke yao. Thika, uliokuwa na watu 251,407 mwaka 2019, ni mji mkongwe zaidi wa viwanda: reli iliufikia mwaka 1913, na tangu hapo nguo, mafuta ya kupikia na mananasi ya mikebe vimekuwa vikiwavuta wafanyakazi kutoka Ukambani, magharibi mwa nchi, Murang'a, Meru na kwingineko. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, Ruiru ukawa chumba cha kulala cha Nairobi. Kwa wengi wa wakazi hawa, mji ni mahali pa kazi.

Sarufi yenyewe inalitambua jambo hili. Mpangaji wa chumba kimoja mtaani Githurai au Kihunguro akikaribisha rafiki atasema, "Karibu kwangu." Mtu huyo huyo akiulizwa Desemba anaelekea wapi, atajibu, "Naenda kwetu." Anayezungumza ni mmoja, lakini kimilikishi kimebadilika kutoka umoja hadi wingi. "Kwangu" ni pale anapolipia kodi. "Kwetu" ni pale walipozikwa babu zake. Wala si suala la hati ya umiliki, kwani aliyejenga nyumba yake mwenyewe Ruiru huendelea kusema "kwetu" akimaanisha Kakamega au Machakos. Sheng nayo imeweka mpaka ule ule kwa msamiati wake: nyumba ya mjini ni "keja", na kijijini ni "ushago", neno ambalo aghalabu huhusishwa na "gĩcagi" la Kikikuyu, lenye maana ya kijiji.

Basi ifikapo wiki ya Krismasi, kwetu humeza kwangu. Nauli hupanda, mabasi hujaa, na magunia ya unga, sukari na mafuta hupakiwa juu ya magari. Anayebaki mjini huona mambo ambayo mwaka mzima hayaonekani. Mkondo wa magari katika barabara kuu hupungua, vibanda vya chipsi hufungwa, na katika majengo ya kupanga yenye orofa tano au sita, kamba za nguo hubaki tupu. Wanaotaka matembezi ya karibu huenda kutazama maporomoko ya mito ya Chania na Thika kwenye hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, au hupanda mlima wa Ol Donyo Sabuk wenye urefu wa mita 2,145. Kimya hicho huvunjwa na mkesha wa Desemba 31, pale makanisa yanapokesha kwa vipaza sauti.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila anayebaki amechagua utulivu. Wapo walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa zamu za viwandani, ambao sikukuu kwao ni siku ya kazi kama nyingine. Wapo pia waliokosa nauli. Kwa desturi, mtu wa mjini hafiki kwao mikono mitupu, na gharama ya zawadi huweza kuizidi ya safari. Asiye nazo zote mbili husema "nimebanwa na kazi", na jirani huelewa bila kuuliza zaidi.

Kando ya mitaa hiyo kuna watu wengine ambao Desemba haiwapi nafasi ya kupumzika hata wakiitaka. Mavuno makuu ya kahawa katika sehemu hizi huangukia Oktoba hadi Desemba. Tunda likishaiva huchumwa, na likichumwa hutakiwa kufikishwa kiwandani na kumenywa siku hiyo hiyo lisije likaharibika. Mchumaji hulipwa kwa debe. Kwa kuwa shule huwa zimefungwa, watoto wa wakulima wadogo huijua likizo kwa vidole vilivyonata utomvu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndicho kilichozalisha aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Ajabu ni kwamba jina la mji linaenea kwenye mashamba ya mbali huku mikahawa ya Ruiru yenyewe ikizidi kung'olewa kupisha nyumba. Mradi wa Tatu City pekee, uliozinduliwa mwaka 2010, umechukua takriban ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa.

Jambo linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili ni watoto waliozaliwa katika nyumba hizo. Mama anaweza kuwa Mkamba, baba Mluhya, na lugha ya kwanza ya mtoto ikawa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Desemba hupelekwa "kwetu" ambako hakupajui, akaketishwa mbele ya bibi asiyekimudu Kiswahili vyema. Bibi humsemesha, mjukuu hutabasamu, na mzazi hugeuka mkalimani baina ya mama yake na mwanawe. Wiki tatu zikipita mtoto huwa ameokota salamu, majina ya vyakula na makaripio kadhaa. Hurudi mjini Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza "Njaanuari", karo zikidaiwa na pango likisubiri, na msamiati huo huanza kumtoka. Mtoto huyo naye akikua, akapanga chumba chake Thika, itabidi siku moja aamue ni mahali gani atakapopaita kwetu.