Karo ya chuo: Piga hesabu ya deni kabla ya kubofya kozi

BARUA ya kuitwa chuoni ikifika, nyumba nzima hushangilia. Kisha mzazi anafikia ukurasa wenye karo, na kelele zinaisha ghafla.

Hesabu hii ingefaa kufanywa mapema, wakati kijana bado anachagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS. Wengi huangalia alama na jina la kozi tu. Udaktari, uhandisi, uanasheria. Bei? Hiyo ataona mzee.

Tangu 2023, serikali huwafadhili wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma kulingana na uwezo wa familia. Mfumo wenyewe umezua kesi: Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Wanafunzi hugawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikibaki na asilimia 5. Katika kundi la tano ufadhili ni asilimia 30, mkopo 30, na familia inajitwika asilimia 40.

Tuchukue kozi ya Sh200,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza italipa Sh10,000, ile ya kundi la tano Sh80,000. Hapo wengi hufunga daftari.

Msifunge bado. Ufadhili haurudishwi, mkopo unarudishwa. Na zile pesa za kujikimu ambazo makomredi huzisubiri kama mvua, nazo pia ni mkopo: Sh60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, Sh40,000 kwa la tano. Ukijumlisha na mkopo wa karo, wa kundi la kwanza anakopa Sh110,000 kwa mwaka, wa kundi la tano Sh100,000. Kwa miaka minne ni Sh440,000 dhidi ya Sh400,000, kabla ya riba ya asilimia 4. Yaani yule aliyetambuliwa kuwa maskini zaidi anatoka chuoni na deni kubwa kuliko yule wa kundi la tano. Ajabu, lakini ndivyo hesabu inavyosema.

HELB hutarajia uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi, na jina lako linaweza kupelekwa CRB. Kwa kijana anayehangaika na vibarua, hiyo si mchezo.

Je, mtu aache chuo? La hasha. Ila kozi unayoipenda nusunusu, iliyochaguliwa ili majirani wasikie, haifai deni la namna hiyo. Diploma katika chuo cha TVET huchukua muda mfupi na karo yake ni nafuu mno. Ukitaka digrii baadaye, njia ipo. Anayeelekea chuo kikuu cha kibinafsi naye ajue kwamba wanaojiunga huko tangu 2023 hawapati ule ufadhili wa serikali. Mkopo wa HELB wanaweza kuomba.

Basari za NG-CDF na za kaunti zisaidie kuziba pengo la familia, si kubeba karo nzima. Mara nyingi ni kidogo na huchelewa. Chukua fomu mapema hata kama hujui utaitwa lini.

Ukipangwa kundi usilostahili, kata rufaa kwenye tovuti ileile uliyoombea, ukiwa na stakabadhi: kitambulisho cha mzazi, cheti cha kifo ikiwa ni yatima, barua ya chifu. Na kuanzia mwaka wa pili, mkopo huombwa upya kila mwaka. Kuna wanaodhani pesa zitakuja zenyewe, wakishtuka ni wiki ya mtihani na jina halimo kwenye orodha ya waliomaliza karo.