Kalamu Iliponikaukia Nikapanda Mbooni

Wenzangu mnaotunga mtanielewa, na wasiotunga wanistahimilie kidogo. Lipo jambo ambalo sisi watungaji hatupendi kulisema mbele za watu, nalo ni kukaukiwa. Mtu huamka alfajiri, akasali, akanywa kahawa yake, akashika karatasi na kalamu kama alivyozowea miaka yote, na asipate hata kipande kimoja. Vina anavijua, mizani anaihesabu kwa vidole, lakini neno la kutia ndani halipo. Mimi jambo hilo lilinifika mwaka 2022, likanikalia miezi minane.

Kazi yangu ni kutunga nyimbo za taarabu. Siimbi; sauti sikujaliwa. Natunga, nampa mwimbaji, naye ndiye autiaye wimbo roho. Utaratibu huo si wangu peke yangu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba maneno mengi ya jamaa yake Ustadh Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka 1971. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyetuacha 2016, naye aliimba tungo za washairi wa kwao. Hata tuni, nyingi za Mombasa zilitwaliwa katika filamu za Kihindi zikavikwa maneno ya Kiswahili, na hakuna aliyeona ni wizi, kwa kuwa kila aliyetoka sinema alijua zilikotoka. Neno hilo la kujulikana zilikotoka naomba msomaji alishike, maana ndilo lililonitia mashakani.

Kisa chenyewe ni hiki. Nalikuwa na sahibu yangu, mtungaji kunishinda mimi kwa mbali, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka mmoja kabla ya ukame wangu. Mjane wake alinipa daftari lake nilitunze, akasema, "Wewe ndiwe uyajuaye maneno haya." Mlikuwa na nyimbo ndani yake ambazo hapana sikio lililopata kuzisikia. Basi ikaja harusi kubwa ya mtaani kwetu, nikatakiwa wimbo mpya wa bibi harusi, nami nikapokea arubuni. Nusu ya fedha nikaila. Wiki zikapita, sina neno. Usiku mmoja nikalifungua daftari, nikanakili wimbo mzima kwa mwandiko wangu, nikabadili maneno mawili matatu, kama mwizi wa baiskeli anavyoipaka rangi nyingine.

Karatasi ile ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu yangu nilipopata simu kwamba rafiki yangu mmoja, Mkamba tuliyefanya kazi pamoja bandarini Kilindini, amefiwa na kaka yake mkubwa. Yeye alikwisha kustaafu akarejea kwao Mbooni. Kumpa pole kwa simu niliona haya. Nikapanda basi la usiku, nikashuka njia panda ya Machakos, nikaingia mjini, na kutoka hapo matatu ikatupandisha vilimani hadi Kikima.

Sisi wa pwani tukisikia Ukambani hudhani ni nyika tupu na mibuyu. Mbooni si hivyo. Ni milima, na baridi yake ya asubuhi ilinifanya niazime koti. Kila mteremko umekatwa matuta kama ngazi, mkono wa mtu juu ya mkono wa mtu, tangu enzi za mababu zao. Wazee wa Kikamba husimulia kwamba ni hapa walipokaa kwanza walipotoka upande wa Kilimanjaro, karne kadhaa zilizopita, kisha wakatawanyika kwenda Kitui na kwingineko. Na misafara yao ya pembe za ndovu iliyokuwa ikiteremka Mombasa katika karne ya 19 wazee wetu waliijua vizuri. Hatukuanza kujuana jana.

Lakini mwaka ule nchi ilikuwa na kiu. Mvua za vuli, ambazo Wakamba huzitegemea kuliko za masika, zilikuwa zimewapita tangu 2020. Mahindi yalisimama makavu juu ya matuta yale mazuri. Juu ya dhiki hiyo walinikirimu. Walinipa jogoo na kisu mkononi mwangu nichinje mwenyewe, wakanionyesha kibla bila ya mimi kuuliza, maana rafiki yangu alikaa nasi miaka thelathini akajua kila kitu.

Siku ya pili tukateremka bondeni kwenye mto. Nasema mto kwa kuwa ndilo jina lake. Nilichokiona ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Katikati ya mchanga akina mama wamechimba visima, wamevizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Mmoja yumo ndani hata mabega hayaonekani. Anateka kwa kata, vikombe vitatu vinne, maji yanakwisha, anakaa. Hazungumzi wala hahangaiki. Baada ya muda maji yanarudi taratibu kutoka ubavuni mwa mchanga, anateka tena. Rafiki yangu akanieleza kwamba mahali pengine hujenga ukuta wa mawe kukata mto, mafuriko yakija yanarundika mchanga nyuma yake, na maji hukaa humo kati ya chembe na chembe, jua lisiweze kuyafikia. Nikamwuliza, mtu akiona haraka akachimba kwa nguvu zaidi? Akacheka. "Kuta za kisima zitamwangukia."

Shangazi yake ndiye aliyenifungua macho. Ni bibi wa miaka themanini na zaidi, na katika ujana wake alikuwa ngui. Ngui kwa Wakamba ni mtungaji na kiongozi wa wimbo. Yeye hutoa neno na wachezaji humpokea. Kazi yake haikuwa kusifu maharusi tu. Zipo nyimbo ziitwazo myali, za kumsuta mtu kwa tabia yake, na aliyeimbwa humo haponi upesi. Kwetu mithili yake ni yale mafumbo ya taarabu ambayo kila mtu ukumbini anajua yamemwendea nani.

Tulikaa kivulini, rafiki yangu akitufasiria. Nikamwuliza Mwaitu, kama wanavyomwita akina mama wa heshima, je, aliwahi kukosa neno?

"Mara nyingi," alisema. "Mwaka aliokufa mwanangu sikuwa na wimbo hata mmoja."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda sokoni siku ya soko. Nikakaa na wauza viazi. Nikasikiliza."

"Na wachezaji walipokutaka uwaongoze?"

"Nikawaimbia wimbo wa mwingine. Nikamtaja. Nikasema, huu ni wa ngui fulani wa Kitui, nami leo sina changu."

Nikauliza kwa sauti ambayo, nadhani, ilikuwa na hatia ndani yake, itakuwaje ngui akiimba wa mwenziwe asimtaje. Bibi akanitazama kitambo, akasema neno ambalo rafiki yangu alicheka kwanza kabla ya kulifasiri: ngoma inayofuata, yeye ndiye atakayekuwa wimbo.

Usiku ule nilimweleza rafiki yangu habari ya karatasi iliyomo mfukoni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ustadhi, una bahati shangazi hajui Kiswahili sawasawa."

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwanza kwa mjane. Nikamweka mbele daftari na karatasi yangu, nikamwambia nilichokusudia. Alinyamaza sana. Kisha akasema wimbo uimbwe, kwa sharti jina la mwenyewe litajwe kabla ya ala kuanza, na maneno yangu mawili matatu yatoke. Mwimbaji hakupenda, alisema watu wamelipia wangu. Nikamjibu wangu haupo. Arubuni nikairudisha kwa vipande vipande, miezi mitatu. Usiku wa harusi jina la marehemu likatajwa kwa sauti. Sikuwako ndani, ilikuwa shughuli ya wanawake, lakini mke wangu aliniambia mjane alisimama kutuza, na wimbo ukarudiwa mara mbili.

Msomaji atauliza kama hapo ndipo wino uliporudi. La, haukurudi. Nilikaa tena miezi. Tofauti ni kwamba niliacha kuchimba kwa nguvu. Nilikwenda Marikiti bila karatasi, nikasikiliza wachuuzi wakigombana. Nikamsoma tena Muyaka bin Haji, nikakumbuka kwamba yeye alifariki mnamo 1840 na lau si watu kama Mwalimu Sikujua kukusanya tungo zake vinywani mwa watu, na kuzihifadhi kwa jina lake, leo zingekuwa za kila mtu na si za yeyote. Nikamfikiria na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 hadi 1972, akaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani juu ya karatasi za chooni. Huyo dhiki ndiyo iliyomfungulia. Mimi si wa namna hiyo, na nimeacha kujilinganisha naye. Kila Ijumaa baada ya sala nilijilazimisha mishororo mitatu, mibaya ikawe mibaya. Mingi ilikuwa mibaya kwelikweli. Mke wangu ni shahidi.

Mwishoni mwa 2023 mvua za vuli zilikuja na ziada. Rafiki yangu akapiga simu, kelele za maji nikazisikia nyuma yake. Mto umejaa, visima vyote vimezikwa, wangoje maji yapungue ndipo wachimbe upya. Shangazi yake alikuwa karibu, akataka aulizwe yule Mswahili kama amepata wimbo.

Nilikuwa na ubeti mmoja wa Ijumaa iliyopita. Nikamsomea rafiki yangu, naye akaanza kumfasiria. Bibi akamkatiza katikati, akauliza ni wa nani.