Siha na Biashara ya Chakula: Maandishi ya Nyuma ya Chupa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna matangazo yanavyozaa hamu ya kitu kabla ya haja yake. Leo inatupasa tutazame chupa na pakiti zenyewe, kwani aghalabu tangazo la mwisho, na lenye taathira kubwa kuliko yote, ni lile lililobandikwa juu ya bidhaa.

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa barabara ya Matombo, akifika Mkuyuni wakati wa msimu, hukuta mafungu ya machungwa, mananasi na mafenesi yaliyoteremshwa kutoka milima ya Uluguru, ilhali katika maduka ya hapo hapo zimepangwa chupa zenye picha ya embe lililoiva. Chupa ya namna hiyo ikigeuzwa, huenda yakasomeka maneno haya: maji, sukari, asidi ya sitriki, ladha, rangi. Kanuni ya mwaka 1985 ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, yataka viambato vitajwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kitangulie. Basi sukari ikiwa ya pili na embe halimo, picha ile ni pambo tu.

Na tufanye hesabu. Lebo ikitaja gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, mwenye kumaliza chupa ya mililita 500 amekunywa gramu 55, ambazo ni zaidi ya vijiko 10 vya chai. Ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi takriban gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku nzima.

Hadaa nyingine hujengwa kwa maneno ya kweli. Mafuta ya alizeti husifiwa kuwa hayana kolestro, nayo ni kweli. Lakini mafuta ya mimea, kwa asili yake, hayana kolestro ya kutajika, hata yale yasiyosifiwa.

Si insafu, hata hivyo, kuzilaumu lebo zote. Nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lisimamialo usalama wa chakula nchini, yashuhudia kwamba bidhaa imetimiza viwango, na hiyo ni amana kubwa. Ila haishuhudii kwamba kinywaji kitamu chafaa kunywewa na mtoto asubuhi na jioni.

Nchi ya Chile, tangu mwaka 2016, imelazimisha alama nyeusi mbele ya vyakula vilivyozidi sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori, ili onyo lionekane pale pale ilipo picha. Nasi twastahiki walau hili: viambato viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zisomekazo, hata mwanafunzi wa shule ya msingi aliyetumwa dukani ajue anunuacho kabla hajatoa fedha.

Sehemu ya tatu itahusu matangazo ya vyakula vya watoto wachanga.