Bingwa wa Kuvuna Mwani Ni Mlonge

Kwa wanaotafuta dizeli ndani ya mwani wa hadubini, taji la mafuta lina mwenyewe. Ni Botryococcus braunii, ambao haidrokaboni zake zimepimwa hadi robo tatu ya uzito mkavu, ingawa hukua polepole mno. Taji la udogo ni la Ostreococcus tauri, uliogunduliwa mwaka 1994 katika wangwa la Thau kusini mwa Ufaransa: upana wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita.

Rekodi hizo zinasisimua, lakini hazijazi tangi. Kazi ngumu ni kuutoa mwani majini. Bwawa la wazi lililostawi huwa na takriban nusu gramu hadi gramu moja ya mwani mkavu kwa lita, kwa hiyo kilo moja hudai lita elfu moja au mbili za maji. Uvunaji peke yake hukadiriwa kumeza asilimia 20 hadi 30 ya gharama.

Ulio rahisi kuvunwa kuliko wote ni spirulina, kwa kuwa ni nyuzi zilizojisokota. Heroe huuchuja kwa mdomo kule Ziwa Bogoria, na wanawake wa Kikanembu huukausha mchangani kando ya Ziwa Chad. Mafuta yake, bahati mbaya, ni haba.

Chlorella una mafuta zaidi, ila ni vidonge vya mikroni chache vyenye chaji hasi, na kila kimoja humfukuza mwenzake. Shabu huvikusanya vizuri, kisha huacha alumini ndani ya mavuno. Hapo ndipo ninapompa mlonge taji bila kusita. Protini za mbegu yake zina chaji chanya, na hubaki hivyo hata pH ikikaribia 10. Jambo kubwa hilo, maana mchana mwani hula kaboni dioksidi na kuipandisha pH ya bwawa. Menya mbegu, twanga kiini cheupe, koroga kwenye maji yenye chumvi kidogo, chuja kwa kitambaa. Mimina bwawani, koroga kwa kasi, kisha taratibu: ukijani hushikana mabonge na kuzama, maji ya juu yakabaki meupe. Wanawake wa Sudan walisafisha hivyo maji ya tope ya Nile kabla maabara hazijaeleza sababu.

Zaidi ya hapo, thuluthi au zaidi ya kiini ni mafuta yanayofaa dizeli. Yakamue kwanza, mashudu yatavuna mwani vilevile.

Mshindani wake wa karibu ni tanini ya magome ya miwati, ambayo viwanda vya Brazili huiuza. Ina nguvu kweli, lakini hupewa chaji chanya kwa kemikali, formaldehaidi ikiwemo.

Mlonge nao una masharti: dondoo litumike siku hiyohiyo, kwani likilala hupoteza nguvu, na mabaki yake huozesha maji unayotaka kuyarudisha bwawani.