Je, Wajua? Moyo hupunguza mwendo ukishusha pumzi

Ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo. Ukiitoa, hupunguza. Basi mawazo yakikukosesha usingizi, refusha pumzi ya kutoka: vuta ukihesabu hadi 4, toa hadi 6. Huhitaji dawa wala senti.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Hata ukiwa umekaa kimya!

Ili kuutuliza, mjini Nakuru wapo wanaopanda Mlima Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, wakasali mapangoni mbali na kelele.

Na heroe wa Ziwa Nakuru? Husinzia kwa mguu mmoja, misuli ikifanya kazi kidogo mno.

Leo usiku, jaribu pumzi 10 za namna hiyo: vuta hadi 4, toa hadi 6.