Sheridan: Polisi wa medali tisa asiyelipwa senti

MEDALI tisa, tano zikiwa za dhahabu, na hakuna hata moja iliyomwingizia hela mfukoni. Hiyo ndiyo hesabu ya Martin Sheridan, mrusha kisahani aliyelitikisa jukwaa la Olimpiki zaidi ya miaka 100 iliyopita huku akila mshahara wa polisi wa New York.

Sheridan alizaliwa Machi 28, 1881 katika kijiji cha Bohola, Mayo, magharibi mwa Ireland. Enzi hizo vijana wa Mayo walikuwa wakihama kwa maelfu kukimbia umaskini. Naye akapanda meli kwenda Marekani, akaishia kwenye kazi iliyopokea Waireland wengi mjini New York: upolisi.

Uwanjani jamaa hakuwa wa mchezo. Mwaka 1904 mjini St. Louis, yeye na Ralph Rose walifungana kwa mita 39.28. Wakarudia kurusha, Sheridan akaondoka na dhahabu. Athens mwaka 1906 alizoa medali tano, zikiwamo dhahabu za kisahani na tufe, ingawa IOC leo haiyahesabu mashindano hayo. London mwaka 1908 akaongeza dhahabu mbili na shaba moja.

Kwa nini basi hakulipwa? Michezo ya Olimpiki ilikuwa ya ridhaa, na sheria yake haikuwa na huruma. Mwulize Jim Thorpe. Alishinda dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912, mwaka uliofuata akanyang'anywa kwa sababu tu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli.

Kwa mtoto wa tajiri, ridhaa ilikuwa burudani. Kwa mhamiaji asiye na shamba wala urithi, ilikuwa mtihani: utafanya mazoezi saa ngapi, na utakula nini? Sheridan aliokolewa na mambo mawili: ajira ya serikali na klabu ya Waireland wenzake, Irish American Athletic Club, iliyokuwa na uwanja wake wa Celtic Park, Queens.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Kipchoge Keino alikuwa polisi, Naftali Temu mwanajeshi, na Filbert Bayi alikuwa askari wa JWTZ alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Kabla ya zawadi nono za mbio za barabarani, gwanda ndiyo iliyomlisha mwanariadha.

Sheridan hakufika uzeeni. Nimonia ilimwua Machi 27, 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka 37, wakati mafua makali yalipoanza kuitesa dunia.

Leo wapo wanaodhani timu za majeshi ni mzigo kwa walipa kodi. Wakumbuke kwamba kijana maskini mwenye kipaji bado anahitaji chakula cha jioni kabla hajapata medali.