Chumba Kwanza, Spika Baadaye



Kila baada ya Alasiri, bibi yetu huketi kitini pake karibu na dirisha akasikiliza kisomo cha Qur'ani. Tulipomletea spika kubwa yenye wufa ya inchi 10, tulidhani tumemfanyia hisani. Siku ya tatu alitwambia, “Wanangu, mvumo nausikia, maneno siyasikii.” Tukaongeza sauti. Mvumo ukazidi, na maneno yakazidi kupotea.

Masikio ya Bibi hayakuwa na ila, na spika ile haikuwa mbovu. Sisi ndio tuliokosea, kwa kununua spika kabla ya kupima chumba. Twaandika haya ili jamaa zetu wengine wasitumie fedha kama tulivyotumia sisi.

Wengi wetu twaishi katika vyumba vyembamba. Katika nyumba za kale za mawe, Mombasa na Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauna budi kufuata urefu wa boriti. Aghalabu haufiki meta 3. Sauti nayo husafiri takriban meta 345 kwa sekunde. Baina ya kuta mbili zilizoachana kwa meta 2.8, sauti nzito yenye mitetemo takriban 60 kwa sekunde hugonga ukuta, hurudi, ikakutana na ile inayokuja na kuzidi nguvu. Hali hiyo hutokea tena kwenye mitetemo takriban 120, palipo na sauti ya chini ya wanaume wengi. Basi msomaji mwenye sauti nzito huvuma ndani ya chumba hicho hata kwa spika ya wastani. Ukimwongezea wufa kubwa, chumba kizima hugeuka ngoma.

Madhara yake si ya masikio tu. Herufi hupambanuliwa kwa sauti nyembamba, na mvumo huzifunika hizo kwanza. Mtoto anayejifunza makhraja kwa kumfuatisha msomaji hataweza kupambanua sini na swadi, wala thaa na sini, iwapo spika yenyewe haizipambanui. Atalishika kosa, na kulitoa baadaye ni kazi ngumu.

Tusidanganywe na idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Spika nyingi za nyumbani hutoa karibu desibeli 87 kwa wati 1 tu, ukisimama meta 1 mbele yake, ilhali mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Tena, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Sebule ndogo haihitaji mamia ya wati.

Kwa makadirio, chumba kisichozidi meta za mraba 12 chatoshelezwa na spika mbili zenye koni ya inchi 4 au 5. Cha meta 12 hadi 25 chafaa inchi 5 hadi 6 na nusu. Sebule pana kuliko hapo, kama zile za nyumba mpya zilizoungana na chumba cha kulia, ndiyo yenye haja ya inchi 8 au wufa ya pembeni, kwa sababu spika ndogo ikilazimishwa kujaza ukumbi mkubwa hukwaruza. Sebule hizo zina shida nyingine: vigae sakafuni na kuta tupu hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unarudi, tandika zulia na utundike mapazia mazito kabla ya kwenda dukani.

Mahali pa kuweka spika nako kuna uzito wake. Pembe ya chumba huzidisha besi, kwa hivyo itoe humo, na uiache mbali na ukuta angalau sentimeta 30, hasa ikiwa ina tundu nyuma. Iinue ifike usawa wa masikio ya aliyeketi. Kisha keti pale anapoketi mzee wa nyumba, ufungue kisomo unachokijua vyema, usikilize kama kila herufi yafika.

Mwisho, toka nje, usimame mlangoni kwa jirani. Besi hupenya ukuta kuliko maneno. Kinachomfikia jirani ni kishindo bila kisomo, na huenda ana mgonjwa au mtoto mchanga aliyelala. Haki ya jirani ni nzito mno kwetu kuipuuza hata kwa jambo la kheri.

Sisi tuliiuza ile kubwa kwa hasara, tukanunua mbili za inchi 4 na kuziweka juu ya meza, mbele ya kiti cha Bibi. Sauti yake ni ya chini kuliko ya awali. Juzi mtoto wetu alikuwa akimfuatisha msomaji, na Bibi akamkatiza: “Hapo si sini, mjukuu wangu, ni swadi. Rudia.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kusikia na kufahamu. Amin.